Kupunguza uzito wa gari ya spoti: kilo gani inafaa kutoka, na ipi inaweza kuleta ajali

Kisha kipindi chetu kimoja juu ya usalama barabarani, msikilizaji mmoja alituletea swali ambalo lilitufanya tucheke kwanza, halafu tukaanza kulifikiri. Aliona video ya kijana wa Japani anayeweka janti ya gari kwenye mizani, kama vile mama anavyopima samaki sokoni, na anafurahi kabisa kwa sababu imepungua gramu 800. Gramu 800! Hata kilo moja haifiki. Msikilizaji aliuliza: huyu mtu ni mzima, ao feza zimemzidi?

Jibu letu fupi: ni mzima. Kuko maana kubwa katika zile gramu 800. Lakini katika kazi hiyo hiyo ya kupunguza uzito, kuko pia watu wanaotupa feza bure, na wengine wanafunga kwenye gari piesi ambayo siku moja inaweza kuwaua. Katika makala hii tunaeleza tofauti, na tunaonyesha ni nini kinachotuhusu sisi ambao magari yetu ni Corolla, Vitz na Noah.

Gari ambayo tunaichukua kama mfano

Tuchukue gari moja inayojulikana dunia nzima: Mazda MX-5. Ni gari ndogo ya viti viwili, inafunguka juu, na huko Japani wanaiita Roadster. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago, Marekani, mwezi wa pili 1989. Mwaka wa 2016 Mazda ilitengeneza MX-5 ya milioni moja. Hakuna gari nyingine ya spoti ya viti viwili iliyouzwa kwa wingi kama hiyo.

Juu ya nini watu waliipenda? Si kwa nguvu. Ile ya kwanza ilikuwa na moteri ya lita 1,6 na nguvu ya farasi karibu 115 tu. Kuko Toyota nyingi za kawaida zenye nguvu kuliko hapo. Siri yake ilikuwa uzito: karibu kilo 950. Wazo hilo lilitoka mbali. Muingereza Colin Chapman, aliyeanzisha kampuni ya Lotus, alijenga magari yake juu ya kanuni hiyo: mbele ya kuongeza nguvu, punguza uzito. Lotus Elan ya 1962 njo iliwapa Wajapani mfano.

Mazda yenyewe iliendelea na njia hiyo. Kwa MX-5 iliyotoka 2005, mafundi wake walihesabu gramu kwa gramu, hata kioo kidogo cha ndani cha kuangalia nyuma walikipunguza gramu 84. Na mwisho wa 2021 walitangaza Japani Roadster inayoitwa 990S, kwa sababu iko na kilo 990. Walipofunga janti zilizofuliwa za kampuni ya Rays, kila janti ilipungua karibu gramu 800. Zile gramu za kwenye video yetu, sasa munaona zinatoka wapi.

Kilo moja si sawa na kilo nyingine

Hapa njo kiini cha habari. Tuanze na hesabu nyepesi. Gari ya kilo 960 yenye nguvu ya farasi 115: kila farasi anabeba zaidi kidogo ya kilo 8,3. Ukitoa kilo 60, kila farasi anabeba karibu kilo 7,8. Kupata matokeo hayo bila kupunguza uzito, ungelazimika kuongeza nguvu ya farasi karibu 8 kwenye moteri. Na nguvu ya moteri inasaidia tu wakati wa kukimbia, lakini wepesi unasaidia pia wakati wa kupiga freni na kwenye kona. Pine zinachoka polepole, plaketi za freni vile vile.

Sasa, fasi ambapo kilo inakaa ni jambo kubwa kuliko hesabu ya kilo zenyewe. Kuko uzito unaobebwa na resori: bodi, moteri, viti, watu. Na kuko uzito ulio chini ya resori: janti, pine, disiki, kaliperi. Huu wa chini haupumziki hata dakika moja. Kila jiwe, kila shimo, unarushwa juu na unapaswa kurudi chini haraka kusudi pine ishike barabara. Gurudumu zito likirushwa linachelewa kurudi. Katika muda huo mdogo, pine haigusi barabara vizuri, na freni na volani hazina la kufanya. Gurudumu jepesi linarudi mbio.

Tena gurudumu linazunguka. Wakati gari inaongeza mwendo, moteri inasukuma gurudumu mbele na pia inalizungusha. Njo maana kilo moja iliyo kwenye ukingo wa gurudumu inahesabika karibu kama kilo mbili zilizo ndani ya gari. Kijana wa Japani alikuwa na haki ya kufurahi: gramu 800 mara nne, zote zikiwa chini ya resori na zote zikiwa zinazunguka.

Kuko na mizani ya mbele na nyuma pia. Katika MX-5 ya kwanza batri iliwekwa nyuma, ndani ya sanduku la mizigo, kusudi uzito wa mbele na wa nyuma ukaribie kulingana. Mtu anayetoa kila kitu nyuma bila kufikiri mbele, gari yake inapungua kilo lakini inaanza kuwa na tabia nyingine kwenye kona.

Bidoni ya lita 20

Wepesi unatoka wapi? Kwanza kwenye madini na vifaa. Tuwaze bidoni ya njano ya lita 20 ambayo kila nyumba inaijua. Ikijaa maji, iko na kilo 20. Kama ingejaa chuma tupu, ingekuwa na karibu kilo 157. Titani, kilo 90. Aluminiamu, kilo 54. Magneziamu, kilo 35. Na fibre ya kaboni iliyoshikanishwa na gundi, karibu kilo 32.

Lakini mtu asidanganyike na bidoni. Aluminiamu ni nyepesi, ila haina ugumu wa chuma, kwa hiyo fundi anaitengeneza nene zaidi. Na namna ya kutengeneza inageuza kila kitu. Janti nyingi zinatengenezwa kwa kuyeyusha aluminiamu na kuimimina ndani ya kalibu. Ni bei nafuu, lakini ndani mnaweza kubaki vitundu vidogo vya hewa, na njo maana wanaiacha iwe nene. Janti iliyofuliwa ni nyingine: kipande cha aluminiamu kinagandamizwa kwa mashine yenye nguvu sana. Ni kazi ya muhunzi anayepiga jembe, lakini kwa ukubwa wa kiwanda. Chuma kinashikana vizuri, kwa hiyo inaweza kuwa nyembamba na bado ikawa na nguvu. Janti ya Rays inayoitwa TE37, iliyotoka 1996, jina lake lenyewe linabeba uzito: kilo 3,7 kwa ukubwa wa inchi 15 kwa 6.

Piesi gani inafaa kubadilishwa

Wazoefu wa MX-5 wanafuata utaratibu huu, na unaeleweka.

Ya kwanza haigharimu kitu: toa vitu visivyotumika. Vifaa vya zamani, spika kubwa, mizigo iliyosahauliwa nyuma. Kuko wanaotoa hata pine ya akiba na jeki. Kwa siku ya mashindano ni sawa. Kwa safari ni kujitafutia kulala njiani.

Ya pili ni janti na pine. Lakini angalia mtego: MX-5 ya kwanza ilitoka kiwandani na janti za inchi 14 zenye karibu kilo 5 na nusu tu. Wengi wananunua janti nzuri za inchi 16 ao 17 juu ya sura, na pale pale gari inakuwa nzito kuliko mbele. Wamelipa feza kusudi waharibu kazi ya kiwanda.

Ya tatu ni batri. Batri ya risasi ya gari hii inapita kilo 10. Batri ya lithiamu yenye ukubwa unaofaa inakuwa na kilo 3 hivi. Hizi za magari ni za lithiamu, chuma na fosfati, hazina kobalti. Tunaotoka katika inchi ya kobalti ya Lualaba na lithiamu ya Manono, tunaweza kuielewa tofauti hiyo bila mwalimu. Ila batri hii inachoka mbio kwenye baridi kali, na inataka mfumo wa kuchaji ulio sawa. Alternata ikizidisha volti, unaichoma.

Ya nne ni bomba la moshi. Sanduku la nyuma la kuzuia kelele ni zito. La chuma kisichoshika kutu ao la titani linapunguza kilo kadhaa. Sheria ya kelele inabaki ni sheria.

Ya tano ni volani ya moteri, ile sahani nzito iliyo kati ya moteri na ambreyaji. Ile nyepesi inafanya moteri ipande mbio. Lakini gari inataka mguu mwenye akili wakati wa kuondoka, ao inazimika. Kwa kuwa lazima gia iteremshwe, wenye busara wanangoja siku ya kubadilisha ambreyaji.

Ya sita ni viti. Kiti cha mashindano kinaweza kupunguza kilo karibu 10 kwa upande. Hapa usalama unaingia: reli za kiti, mkanda, na kwenye magari mapya kuko mfuko wa hewa ndani ya kiti chenyewe. Viti vyenye kibali cha FIA, shirikisho la mashindano ya magari, vinabeba karatasi yenye tarehe. Kwa kanuni ya 8855-1999, muda wake ni miaka 5. Kiti cha zamani cha bei nafuu kinaweza kuwa kimeisha muda wake mbele ya wewe kukinunua.

Ya mwisho ni kapo ya kaboni, ile ambayo kila kijana anaitaka kwanza. Juu ya nini ya mwisho? Kwa sababu kapo ya MX-5 ya kwanza ni ya aluminiamu tayari. Unalipa mingi, unapunguza kidogo.

Kuitafuta na kuisafirisha

Piesi hizi zinatoka Japani, Uingereza na Marekani sana sana. Mazda yenyewe ilitangaza 2017 kwamba itarudisha kutengeneza baadhi ya piesi za MX-5 ya kwanza, hata pine za ukubwa wa zamani zilitengenezwa tena na Bridgestone. Nyingine zinapatikana kwenye minada ya intaneti ya Japani, kupitia mtu wa kati anayenunua kwa niaba yako.

Hapo kuko mtego ambao wafanyabiashara wetu wanaoagiza Dubai na Guangzhou wanaujua vizuri. Ndege haihesabu kilo peke yake, inahesabu pia nafasi. Unazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimeta, kisha unagawanya, mara nyingi kwa 5.000. Karto ya kapo yenye sentimeta 130 kwa 120 kwa 20 inalipa kama kilo 62, hata kama ndani mna kilo 8. Kwa hiyo piesi nyepesi kabisa inaweza kuwa na safari nzito kabisa. Ongeza forodha. Wengi wanakusanyika watatu ao wanne na kuleta vitu kwa meli pamoja.

Herufi tatu zinazoweza kuokoa maisha

Sasa tufike kwenye jambo lenye uzito. Janti za jina kubwa zinaigwa. Nakala inaonekana sawa, rangi ni ile ile, hata maandishi. Lakini imemiminwa badala ya kufuliwa.

Hata mimi ninayeandika nilionja. Miaka michache iliyopita nilinunua mjini janti nne za aluminiamu kwa Corolla yangu. Zilikuwa zinang'aa, na muuzaji aliniapia ni za Japani. Hazikumaliza miezi minne. Kwenye shimo ambalo kila siku nilipita, nilisikia mlio, pine ikatoka upepo mara moja. Tulipoitoa, janti ilikuwa imepasuka kutoka ukingoni hadi karibu na buloni. Nilikuwa ninakwenda polepole, na watoto walikuwa nyuma. Njo siku nilijifunza kugeuza janti na kuangalia upande wa ndani mbele ya kulipa.

Unatafuta nini? Japani inataka kila janti ya aluminiamu ya gari ndogo inayotembea barabarani iwe na alama JWL. Maana yake imefuata kanuni yenye majaribio matatu: kupindwa ikizunguka mara nyingi, kuzungushwa chini ya mzigo, na kugongwa kwa nguvu. Ikiwa na herufi VIA pembeni, taasisi nyingine imehakikisha majaribio hayo. Ujerumani inatumia alama KBA yenye namba. Kwa kuwa magari mengi ya huku yalitoka Japani, wewe msomaji unaweza kushuka sasa hivi na kutafuta JWL kwenye janti zako za aluminiamu.

Lakini mwizi wa jina anaweza kuiga hata herufi. Njo maana mizani inarudi kazini: kiwanda kinatangaza uzito wa kila ukubwa. Kama janti ilipaswa kuwa na kilo 5 na mizani inaonyesha 7 na nusu, hata muuzaji aape namna gani, si yenyewe. Mizani ya kupimia mizigo ya ndege inatosha.

Kufunga: hapa haraka haina baraka

Piesi nzuri iliyofungwa vibaya ni hatari sawa na ile ya bandia. Mambo manne yasisahauliwe.

Moja, vipimo. MX-5 ya kwanza iko na buloni nne kwenye mduara wa milimeta 100, na tundu la katikati ni milimeta 54,1. Ni vipimo vile vile vya Corolla na Vitz nyingi za buloni nne. Tundu la janti likiwa kubwa kuliko kitovu, tafuta pete ya kujaza, ao gari itatetemeka. Likiwa dogo, usilipanue.

Mbili, ekru. Kuko zenye mdomo wa mchongoko, kuko za mviringo, kuko za bapa. Lazima ilingane na tundu la janti. Isipolingana, itakaza mkononi lakini italegea barabarani.

Tatu, nguvu ya kukaza. Kwa MX-5 ni kati ya nyutoni-mita 88 na 118, kwa kle dinamometrike, ile inayolia ikifika kipimo. Kupanda juu ya kle kwa miguu miwili si kipimo, kunanyoosha buloni. Kaza kwa msalaba, si kwa kuzunguka, na urudie kisha kilometa 50 hadi 100.

Nne, usibadilishe buloni za chuma kigumu za freni na miguu ya gari kwa buloni za aluminiamu kusudi upunguze gramu. Na usitoboe disiki ya freni kwa mashine ya garaji ili iwe nyepesi. Matundu ya kiwanda yamehesabiwa. Yale ya kwako ni mwanzo wa ufa.

Kitu kimoja kinagusa kingine. Mazda, kisha kupunguza zile gramu 800 kwa kila gurudumu la 990S, ilirudi kurekebisha resori, amortisere, na hata usaidizi wa volani ya kuendeshea. Kama kiwanda kizima kilifanya hivyo, fundi wa peke yake pia apime upya.

Na sisi hapa?

Tuseme ukweli: MX-5 iko chini sana kwa mawe yetu, na hatumshauri mtu aifuate. Lakini kanuni zake zinafanya kazi kwenye Vitz ya taksi. Mbele ya kuongeza kitu, toa mizigo isiyo na kazi. Mbele ya kununua janti ya sura, pima uzito na uangalie herufi. Usiweke janti kubwa na nzito, zitachosha amortisere na freni. Na feza ya kwanza iende kwenye pine, plaketi na amortisere nzima.

Msikilizaji wetu alipopata jibu, alituma ujumbe mfupi: amegeuza janti zake nne. Tatu ziko na herufi, ya nne haina kitu. Ameshaitoa.